Kupanga uzazi Kongo: swali la «bwana yako anajua?» lilitoka wapi

KASUGHO, teritware ya Lubero. Mama akifika kwenye kituo cha afya na kuomba sindano ya miezi 3 au kijiti cha mkononi, mara nyingi swali la kwanza ni hili: «Bwana yako anajua?» Kwa mama ambaye bwana yake yuko nyumbani, ni swali la kawaida. Atasema ndiyo au hapana, au atamwita aje. Lakini kwa mama aliyekimbia vita, ambaye bwana yake alibaki nyuma, au amekufa, au hajulikani yuko wapi, swali hilo halina jibu. Mama anarudi mikono mitupu kule anakolala na watoto wake, na baada ya miezi michache tumbo lingine linaonekana, wakati yule wa mgongoni hajaanza kutembea.

Kasugho, kama vijiji vingi vya Lubero, imepokea familia nyingi zilizokimbia. Wengine wanaishi katika familia zilizowafungulia mlango, wengine wamejipanga wanavyoweza. Katika hali hiyo, kujua kama sheria ya nchi inamtaka kweli mama alete ruhusa ya bwana ni jambo la maisha. Inafaa basi kufuata njia ambayo sheria hiyo imepita, tangu wakati wa Wabelgiji hadi leo.

Kabla ya karatasi za wazungu

Kupanga uzazi si kitu kilichokuja na vidonge. Katika mila nyingi za Kongo, watoto walikuwa wanaachanishwa. Mama alinyonyesha miaka 2 au zaidi, na kwa muda huo bwana na bibi walijizuia, mara nyingine mama akirudi kwao kwa muda. Kuzaa mtoto juu ya mwingine ambaye hajaacha ziwa ilikuwa aibu, na aibu hiyo ilimwangukia mwanaume pia. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, lakini kulikuwa na kanuni ambayo ukoo wote uliilinda.

Wabelgiji walipokuja hawakuiona desturi hiyo kwa jicho zuri. Walikuwa na hofu moja kubwa: watu wa Kongo wanapungua. Kazi ya kulazimishwa wakati wa Léopold wa Pili, ugonjwa wa malale, njaa na magonjwa ya zinaa vilikuwa vimemaliza watu wengi, na katika sehemu kama Equateur wanawake wengi hawakuzaa kabisa. Lakini machimbo, mashamba na barabara vilihitaji mikono. Kwa hiyo wakoloni walianza kusukuma uzazi uongezeke. Walifungua nyumba za kuzalishia na mahali pa kupima watoto na kuwapa maziwa. Kampuni kubwa kama Union Minière kule Katanga zilitoa posho zaidi kwa mfanyakazi mwenye bibi na watoto. Na baadhi ya waganga na wamisionari waliwahimiza wanawake waachishe ziwa mapema, ili waweze kushika mimba tena haraka.

Ndiyo maana ile desturi ya kuachanisha watoto ilianza kulegea. Mjini na kwenye kambi za wafanyakazi, mama hakuwa tena na kwao pa kurudi. Njia ya zamani ilivunjika, na njia mpya ilikuwa imekatazwa na sheria.

Sheria iliyotoka Ulaya

Katazo hilo lilianzia mbali na Kivu. Baada ya vita kuu ya 1914 hadi 1918, Ufaransa na Ubelgiji zilikuwa zimepoteza vijana wengi sana, na wakubwa wa nchi hizo walitaka wanawake wazae. Ufaransa ilipitisha sheria tarehe 31 mwezi wa 7, 1920, ikikataza kuhubiri na kutangaza njia za kuzuia mimba. Ubelgiji ilifuata tarehe 20 mwezi wa 6, 1923, kwa sheria inayofanana na hiyo.

Katika miaka ya 1930 maneno ya sheria ya Ubelgiji yalivushwa hadi Kongo. Yaliingia katika kanuni ya adhabu, ile iliyopangwa upya mwaka 1940, na kukaa katika kifungu cha 178. Kifungu hicho kinaadhibu mtu anayeonyesha, kuuza au kugawa vitu vilivyotengenezwa ili kuzuia mimba, au kuvitangaza ili viuzike, kwa ajili ya kutafuta faida. Hapohapo kinazungumza juu ya dawa za kutoa mimba. Mambo hayo mawili yaliwekwa chungu kimoja, na hata leo kuna watu wanaoyachanganya: wakisikia kupanga uzazi wanafikiri ni kutoa mimba.

Inafaa kuangalia kifungu hicho kilimlenga nani. Hakikumtaja mama anayemeza kidonge. Kilimlenga muuzaji, mgawaji na mtangazaji. Lakini kama hakuna anayeruhusiwa kuuza, kugawa wala kusema, mama atapata wapi? Na angejua vipi kwamba kuna njia?

Hakuna mwanamke wa Kongo aliyeulizwa wakati kifungu hicho kinaandikwa. Hata mwanamke wa Ubelgiji hakuulizwa, kwa kuwa mwaka 1923 wanawake wengi wa kule walikuwa bado hawana haki ya kupiga kura ya bunge.

Mobutu na «naissances désirables»

Uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa 6, 1960, na kanuni ya adhabu ya wakoloni ikabaki vilevile. Lakini dunia ilikuwa inabadilika. Vidonge vya kuzuia mimba vilianza kuuzwa Marekani mwaka huohuo wa 1960. Kenya ilianza programu ya serikali ya kupanga uzazi mwaka 1967, na mwishoni mwa mwaka huo Ufaransa ikaondoa katazo la 1920. Mwaka 1968, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kule Teheran, mataifa yalikubali kwamba wazazi wana haki ya kuamua kwa uhuru idadi ya watoto wao na muda wa kuwaachanisha. Mwaka huohuo Papa Paulo wa Sita alitoa barua yake inayokataza Wakatoliki kutumia njia zisizo za asili. Nchi ambayo vituo vingi vya afya viko mikononi mwa makanisa isingeweza kupuuza neno hilo.

Mwezi wa 12, 1972, rais Mobutu alizungumza mbele ya bunge la Zaïre na kuleta neno jipya: «naissances désirables», yaani uzazi unaotakiwa. Neno lilichaguliwa kwa akili. Hakusema wanawake wazae wachache, maana nchi ni kubwa na watu wengi wangekataa. Alisema kila mtoto azaliwe wakati anatakiwa na wakati mama yake ana nguvu. Tarehe 14 mwezi wa 2, 1973, ordonansi namba 73/089 iliunda baraza la taifa la kusimamia mpango huo. Huduma zilianza Kinshasa, hasa katika hospitali ya Mama Yemo. Baadaye kazi ya baraza ilichukuliwa na shirika la AZBEF, na mwaka 1982 mradi mkubwa uliofadhiliwa na Marekani ulianza kupeleka huduma hizo katika miji mingine.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ubelgiji yenyewe ilikuwa bado imeshikilia sheria yake ya 1923. Mwezi wa 1, 1973, daktari Willy Peers alikamatwa kule Namur kwa sababu ya kutoa mimba, na watu kwa maelfu waliandamana. Sehemu ya sheria iliyokataza kutangaza njia za kuzuia mimba iliondolewa tarehe 9 mwezi wa 7, 1973. Yaani Zaïre ilikuwa imeunda baraza lake miezi 5 kabla ya Ubelgiji kuondoa katazo lake.

Lakini kuna tofauti moja, na ndiyo iliyoleta shida. Ubelgiji ilifuta maneno yake. Zaïre haikufuta kifungu cha 178. Rais alisema, baraza likaundwa, vidonge vikagawiwa, lakini kitabu cha sheria kiliendelea kusema kwamba kuvitangaza ni kosa. Wakati rais ana nguvu, nani angemshitaki muganga anayetekeleza neno la rais? Hata hivyo, muganga aliyekuwa na woga, au aliyekuwa hapendi kazi hiyo, alikuwa na pa kujificha. Angeweza kusema: sheria haijaruhusu. Na asingekuwa anadanganya.

Kuna kitu kingine ambacho neno la Mobutu liliacha. Mpaka leo katika Kivu, mama akisema amefanya «naissance», watu wanaelewa kwamba ametumia njia ya kupanga uzazi. Baraza halipo tena, lakini neno lake limebaki midomoni.

Ruhusa ya bwana ilipoingia

Swali la «bwana yako anajua?» halitoki katika kifungu cha 178. Lina mizizi katika desturi, lakini mwaka 1987 lilipata mgongo wa kuegemea.

Tarehe 1 mwezi wa 8, 1987, Zaïre ilitangaza Kanuni ya Jamaa, sheria namba 87-010. Ilikuwa sheria kubwa juu ya ndoa, watoto, jina, urithi na mali. Kifungu cha 444 kilisema bwana ndiye mkubwa wa nyumba, na bibi anapaswa kumtii. Kifungu cha 448 kilisema bibi lazima apate ruhusa ya bwana kwa kila tendo la kisheria ambalo anajifunga kulitimiza yeye mwenyewe. Maneno hayo yalihusu mambo kama mikataba ya kazi na benki. Hakuna mahali yalipotaja sindano, vidonge wala kijiti.

Lakini sheria ikishuka kutoka Kinshasa hadi kijijini, watu hawabebi kifungu kizima. Wanabeba roho yake. Roho iliyofika ilikuwa hii: bibi hawezi kufanya kitu bila bwana. Vituo vingi vikazoea kuomba bwana aje, au asaini kwenye fishi. Waganga wengine walifanya hivyo kwa kuogopa ugomvi: bwana akigundua baadaye, atakuja kupiga kelele kituoni, au atampiga bibi yake. Woga huo ulikuwa wa kweli, na hata leo upo. Lakini woga wa muganga si sheria ya nchi, na mama aliyesimama mbele ya meza hakuwa na njia ya kutofautisha hayo mawili.

Miaka 29 ilipita kabla ya kifungu hicho kubadilishwa. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016, ilirekebisha Kanuni ya Jamaa. Bwana alibaki mkubwa wa nyumba, lakini ile ruhusa ya bwana iliondolewa. Mwanamke aliyeolewa akapata uwezo wake wa kisheria kama mtu mzima mwingine yeyote. Tangu siku hiyo, anayesema kwamba bibi ni kama mtoto mbele ya sheria anasoma kitabu cha zamani.

Vita na ghala tupu

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu katikati ya miaka hiyo kulikuwa na njaa ya namna nyingine. Mwezi wa 9, 1991, wanajeshi walipora Kinshasa na miji mingine. Wafadhili waliondoka, na mradi wa kupanga uzazi uliokuwa unategemea Marekani ukaanguka nao. Mwaka 1996 vita vilianza Kivu, na mwaka 1998 vikaanza upya. Wakati wizara ya afya kule Kinshasa ilipounda Programu ya Taifa ya Afya ya Uzazi mwaka 2001, Butembo na Beni zilikuwa chini ya RCD-KML, na barabara ya kwenda Kinshasa ilikuwa imekatwa na majeshi. Karatasi ya Kinshasa haikuwa na miguu ya kufika Lubero.

Nchi ilipounganishwa tena mwaka 2003, kazi ilianza karibu na sifuri. Uchunguzi wa taifa wa 2013 hadi 2014 ulionyesha hali ilivyokuwa: kati ya wanawake 100 walioolewa, 8 tu ndio waliokuwa wanatumia njia ya kisasa. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 6.6. Serikali ilitoa mpango wa miaka 2014 hadi 2020, ikilenga kufikia wanawake 19 kati ya 100. Kwa mara nyingine nchi ilikuwa na mpango mkubwa juu ya jambo ambalo kanuni yake ya adhabu iliendelea kulitazama kama kosa.

Maputo: karatasi iliyosubiri miaka 12

Wakati wa vita, kupanga uzazi kulikutana na jambo zito zaidi: ubakaji. Wanawake na wasichana wa Kivu walibeba mimba za watu wenye silaha. Tarehe 20 mwezi wa 7, 2006, Kongo ilipata sheria 2 mpya dhidi ya ubakaji, namba 06/018 na 06/019. Ziliongeza adhabu na kuharakisha mashitaka. Lakini juu ya mimba iliyotokana na kitendo hicho, kanuni ya adhabu ilibaki palepale: vifungu vya 165 na 166 vinamfunga anayetoa mimba miaka 5 hadi 15, na mama mwenyewe miaka 5 hadi 10.

Kulikuwa na njia nyingine, nayo ilitoka Afrika yenyewe. Tarehe 11 mwezi wa 7, 2003, mjini Maputo kule Msumbiji, Umoja wa Afrika ulipitisha mapatano juu ya haki za wanawake. Kifungu chake cha 14 kinasema mwanamke ana haki ya kuamua kama atazaa au hatazaa, watoto wangapi, na baada ya muda gani, na kuchagua njia yoyote ya kuzuia mimba. Mapatano yanaeleza pia kwamba neno mwanamke linamhusu na msichana. Kinaomba vilevile mataifa yaruhusu mimba kutolewa kwa njia ya kiganga pale mama alipobakwa, au alipopewa mimba na ndugu wa damu, au mimba inapohatarisha afya ya akili na mwili wa mama, au maisha yake au ya mtoto tumboni.

Bunge la Kongo liliruhusu nchi ijiunge na mapatano hayo kwa sheria ya tarehe 12 mwezi wa 6, 2006. Lakini Katiba ya 2006, katika kifungu cha 215, inasema mapatano ya kimataifa yanapanda juu ya sheria za nchi yakishatangazwa. Yatangazwe wapi? Katika Gazeti Rasmi la serikali. Na hapo yalikaa bila kutangazwa hadi tarehe 14 mwezi wa 3, 2018.

Miaka 12. Ni miaka ya mauaji ya Beni, ya misitu iliyojaa makundi yenye silaha, ya wasichana waliopelekwa hospitalini na mama zao wakiwa wamefunika nyuso. Hakimu au daktari aliyetaka kuwasaidia kufuatana na Maputo angeambiwa karatasi hiyo haijachapishwa. Ilipochapishwa, baraza kuu la mahakimu lilituma barua tarehe 6 mwezi wa 4, 2018, kuwaomba mahakimu waitumie. Miaka 2 baadaye wizara ya afya ilitoa mwongozo kwa waganga.

Sheria ya Desemba 2018

Mwaka huohuo ndipo sheria ya Kongo yenyewe iliposema neno kwa mdomo wake. Tarehe 13 mwezi wa 12, 2018, rais Joseph Kabila alitia sahihi sheria namba 18/035, ya misingi ya afya ya umma.

Watu wa Butembo na Beni wanaukumbuka mwezi huo kwa mambo mengine. Ebola ilikuwa inaua tangu mwezi wa 8. Ndoo za klorini zilikuwa kwenye kila mlango. Tarehe 26 tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nyingine, na vijana wakaingia barabarani. Nani angekuwa na sikio la kusikiliza habari za kupanga uzazi? Sheria ilipita kimya kama mtu anayetembea nyuma ya nyumba usiku.

Lakini inasema nini? Inasema kwamba mtu yeyote aliye katika umri wa kuzaa anaweza kupata njia ya kuzuia mimba, baada ya kuelezwa vizuri, kwa kukubali mwenyewe kwa uhuru. Kwa njia isiyorudi nyuma, yaani kufungwa kizazi, imeweka masharti zaidi: maoni ya madaktari na, kwa watu walioona ndoa ya kisheria, kukubali kwa wote wawili. Kisha inaongeza jambo ambalo linajibu moja kwa moja lile swali la kituoni: bwana na bibi wakikosa kuelewana juu ya njia ya kutumia, neno la yule ambaye njia hiyo inatumika katika mwili wake ndilo linashinda.

Maana yake ni rahisi. Mama anayetaka sindano, vidonge, kijiti au kitanzi hahitaji sahihi ya bwana. Anahitaji kuelezwa na kukubali yeye mwenyewe. Muganga anaweza kumshauri azungumze na bwana wake, na ushauri huo ni mzuri pale nyumba ina amani. Lakini kumrudisha mama kwa sababu hana bwana wa kusaini, hakuna sheria ya Kongo inayoagiza hivyo.

Na vituo vya makanisa? Katika vile vya Kanisa Katoliki, waganga wanafundisha njia za asili: kuhesabu siku, kuangalia ute, kunyonyesha. Wengi wanazitaka na zinawasaidia. Mama anayetaka njia nyingine anaweza kuomba aelekezwe kituo kingine cha zoni hiyohiyo ya afya. Kuelekeza si dhambi, ni kusema tu mlango mwingine uko wapi.

Sheria iko, dawa iko wapi?

Kwa miaka mingi shida ilikuwa katika sheria. Leo shida imehamia ghalani. Sehemu kubwa ya vidonge, sindano na vijiti vilivyofika Kongo ilinunuliwa na wafadhili, na Marekani ilikuwa kati ya wakubwa wao. Mwezi wa 1, 2025, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake duniani. Katika mwezi huohuo M23 iliingia Goma, mji ambao dawa nyingi za Kivu ya Kaskazini zilikuwa zinapitia.

Mwezi wa 7, 2025, dunia ilisikia kwamba vifaa vya kupanga uzazi vya dola milioni 9.7, vilivyonunuliwa na Marekani, vimekwama kwenye ghala mjini Geel, na kwamba Marekani imeamua vichomwe. Shirika la kimataifa la kupanga uzazi, IPPF, lilieleza kuwa zaidi ya robo tatu ya vifaa hivyo vilikuwa vinakwenda nchi 5 za Afrika: Tanzania, Kenya, Zambia, Mali na Kongo. Geel iko Ubelgiji. Nchi iliyoleta katazo Kongo karibu miaka 90 iliyopita ndiyo nchi ambamo vijiti vya akina mama wa Kongo vilikwama. Safari hii serikali ya Ubelgiji haikukataza. Iliomba visichomwe.

Kwa familia zilizokimbia, ghala tupu na swali la «bwana yako anajua?» vinafanya kazi moja. Vyote viwili vinamrudisha mama nyumbani bila kitu. Ghala haliwezi kujazwa na mama wa Kasugho. Lakini swali anaweza kulijibu.

Mambo ya kukumbuka

Mama au msichana aliyebakwa asisubiri. Afike kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia ukimwi inafanya kazi ndani ya muda huo. Kidonge cha kuzuia mimba ya ghafla kinaweza kusaidia hadi siku 5, lakini kadiri anavyowahi ndivyo kinavyosaidia zaidi. Asirudishwe kwa kukosa karatasi ya polisi, maana matibabu yanatangulia mashitaka.

Mama anayetaka kuachanisha watoto aulize kuna njia gani kituoni, kila moja inafanya kazi vipi, na inaweza kumletea nini mwilini. Kuelezwa ni haki yake, wala si fadhili. Akiulizwa sahihi ya bwana kwa sindano au kijiti, anaweza kusema kwa adabu: sheria ya afya ya umma ya mwaka 2018 inataka kukubali kwangu. Kama bado anarudishwa, RECO wa kijiji au mkubwa wa kituo anaweza kupeleka neno kwenye ofisi ya zoni ya afya.

Na kwa akina baba: sheria haikuwafukuza katika mazungumzo ya nyumba. Wazee wa zamani walijizuia miaka 2 ili mtoto anyonye vizuri, na hawakuhitaji karatasi. Bwana anayemsindikiza bibi yake kituoni leo anafuata njia hiyohiyo ya wazee. Lakini kama hayupo, kwa sababu ya vita au ya kifo, mwili wa bibi yake usiachwe usubiri ruhusa ambayo haiwezi kuja.